Uzito Gani wa Chuma, Homoni Zipi: Mwongozo Kamili kwa Wanaopiga Vyuma Nyanda za Juu Kusini

Malalamiko yanayoletwa na wengi ni yaleyale. Mtu anapiga vyuma siku 6 kwa wiki, kila seti (mfululizo wa kunyanyua bila kupumzika) mpaka mikono inatetemeka, kwa sababu ameambiwa kwamba ukiumia zaidi homoni zinapanda zaidi. Baada ya miezi miwili amekonda, usingizi hauji, hamu ya tendo la ndoa imeshuka, na chuma alichokuwa akikimudu kimemshinda. Hapo ndipo anapouziwa vidonge.

Uzito unaobeba kweli hubadilisha homoni, lakini njia yake sivyo inavyosimuliwa jimu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka hatua ya 2 na ya 3, asilimia zote zinazofuata zitakuwa za kubahatisha.

## Andaa hivi kwanza

- Fimbo ya chuma ya jimu au bomba imara lisilopinda, na vizito vya aina yoyote, vya kiwandani au vya zege.
- Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 100, kama ile ya wanunuzi wa nafaka. Kuiazima kwa nusu saa kunatosha.
- Rangi au chaki ya kuandikia uzito.
- Daftari. Usitegemee kichwa.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Futikamba ya fundi cherehani.
- Msaidizi mmoja, na wawili siku ya kujipima au ukisukuma benchini kwa fimbo yenye zege lisilochomoka.

## Hatua ya 1: Pima presha kabla ya kugusa chuma

Pitia zahanati iliyo jirani upimwe presha ukiwa umetulia. Ikiwa juu ya 180/110, usinyanyue chochote kizito mpaka daktari aishushe. Ukibana pumzi chini ya chuma, presha hupanda sana kwa sekunde chache, na aliye juu tayari hana nafasi ya kupandia.

Mwenye kisukari anayechoma insulini apime sukari kabla na baada ya mazoezi, na awe na kitu cha sukari mfukoni. Misuli iliyofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu kwa urahisi zaidi, na hali hiyo huweza kudumu siku nzima au mbili. Kwa kisukari cha ukubwani hiyo ni faida kubwa. Kwa anayechoma dozi ileile bila kupima, sukari inaweza kushuka ghafla usiku.

## Hatua ya 2: Ujue uzito halisi wa vyuma vyako

Hapa ndipo wengi wa mitaa ya Mwanjelwa na Uyole jijini Mbeya, na Kihesa na Ipogolo mjini Iringa, wanapokosea bila kujua. Jimu nyingi za mtaani zina vizito vya zege vilivyomwagwa kwenye makopo ya rangi, na namba iliyoandikwa juu yake ni ya kukisia.

Zege lililoshindiliwa vizuri lina takribani kilo 2.3 hadi 2.4 kwa lita. Kopo la lita 4 likijaa linakaribia kilo 9 na nusu, na ndoo ya lita 20 inafika kilo 46 hadi 48. Zege ambalo halikushindiliwa hubaki na matundu ndani, kwa hiyo makopo mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kupishana zaidi ya kilo moja. Upande mmoja ukizidi, fimbo inajipinda mikononi na bega moja linabeba mzigo usio wake.

Ning'iniza kila kizito kwa kamba, soma mizani, andika namba kwa rangi. Pima na fimbo yenyewe: ile ya mashindano ya wanaume ni kilo 20, bomba la mtaani linaweza kuwa nusu ya hapo au pungufu. Mtu asiyehesabu fimbo anajidanganya kwa kilo 8 au 10 kila siku.

Kama huna vyuma kabisa, dumu la lita 20 la maji ni kilo 20 na kidogo. Ukilijaza mchanga mkavu linavuka kilo 30. Kagua mpini wa dumu kila unapoanza, maana hukatika bila taarifa.

Umefanikiwa ukiona: kila kizito kina namba, na pande mbili za fimbo hazipishani zaidi ya nusu kilo.

## Hatua ya 3: Tafuta uwezo wako wa juu bila kujihatarisha

Ukali wa mazoezi hupimwa kwa asilimia ya uzito mkubwa kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja tu. Usiutafute kwa kujaribu uzito huo wenyewe. Upige hesabu.

Pasha mwili moto dakika 10. Mwezi wa 6 na wa 7, asubuhi ya Mbeya au Njombe, zifanye 15 na usivue sweta mpaka jasho lianze. Kisha fanya fimbo tupu mara 10, uzito mdogo mara 5, wa kati mara 3. Sasa weka uzito unaodhani utaumudu mara 4 hadi 6, na uhesabu marudio safi tu. Rudio la kupinda mgongo halihesabiwi.

Chukua idadi ya marudio, gawanya kwa 30, jumlisha 1, kisha zidisha kwa uzito. Ukisukuma kilo 60 mara 5: 5 gawanya kwa 30, jumlisha 1, mara 60, unapata kilo 70. Asilimia 80 ya hapo ni kilo 56. Marudio yakizidi 10 hesabu hii hupoteza usahihi, kwa hiyo ongeza uzito urudie siku nyingine.

Tahadhari: fimbo yenye sahani zinazochomoka unaweza kuiinamisha upande mmoja zikaanguka, ukatoka. Fimbo ambayo makopo ya zege yamemwagiwa moja kwa moja kwenye ncha haina njia hiyo. Ikikulalia kifuani uko peke yako, umekwama. Kwa fimbo za aina hiyo, kusukuma ukiwa umelala benchi bila wasaidizi wawili, mmoja kila upande, ni marufuku.

Umefanikiwa ukiona: daftari lina namba tatu: ya skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), ya kusukuma benchini na ya kunyanyua chuma kutoka chini.

## Hatua ya 4: Elewa kinachotokea kwenye damu kwa kila uzito

Soma sehemu hii taratibu, maana ndiyo inayoamua kama utapanga ratiba kwa akili au kwa uvumi.

Uzito wa kati, pumziko fupi. Ukitumia asilimia 70 hadi 80, marudio 8 hadi 12, pumziko la sekunde 60 hadi 90, na mazoezi ya misuli mikubwa kama skwati, homoni ya ukuaji hupanda sana. Kwa wanaume testosteroni, homoni ya kiume, nayo hupanda kiasi. Kortisoli, homoni ya msongo, hupanda pamoja nazo. Sababu kubwa ni kwamba misuli mingi inayofanya kazi haipati muda wa kupumua, laktiki (zao la misuli inayofanya kazi kwa nguvu) inajaa kwenye damu, na mwili unaitikia hali hiyo.

Uzito mkubwa, pumziko refu. Asilimia 85 hadi 95, marudio 1 hadi 5, pumziko la dakika 3 hadi 5. Homoni ya ukuaji hupanda kidogo tu. Lakini hapa ndipo nguvu inapojengeka zaidi, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja.

Uzito mwepesi. Asilimia 30 hadi 50. Ukiacha mapema, hupati kitu cha maana. Ukiendelea mpaka karibu na kushindwa, misuli hukua karibu sawa na ya anayetumia uzito mkubwa, ingawa nguvu hubaki nyuma. Mwenye madumu tu nyumbani asikate tamaa.

Sasa jambo lenyewe. Kupanda huko kwa homoni ya ukuaji na testosteroni ni kwa muda mfupi. Ndani ya saa moja hivi vimerudi vilipokuwa. Na havijengi mkono wako. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha jaribio la vijana 12 wa kiume kwa wiki 15. Kila kijana alizoeza mkono mmoja peke yake, na siku nyingine akazoeza mkono wa pili akifuatisha mazoezi makali ya miguu ili homoni zipande. Homoni zilipanda kweli. Mikono ikakua sawasawa, na nguvu ikaongezeka sawasawa.

Kwa hiyo usipunguze mapumziko ili "kukamua homoni". Kinachokuza msuli ni mzigo uliokaa kwenye msuli wenyewe, na ukiharakisha pumziko unalazimika kupunguza mzigo huo. Cha kulinda ni kiwango cha kila siku cha homoni zako, kile unachoamka nacho. Hicho kikishuka kwa wiki nyingi, misuli, usingizi na hamu vyote vinafuata.

Kortisoli imepakwa matope bure. Ikipanda wakati wa mazoezi inafanya kazi yake: inatoa sukari na mafuta akibani ili misuli ipate nishati. Matatizo huanza mzigo unapozidi chakula na usingizi kwa wiki baada ya wiki.

Na kwa akina dada wanaoogopa kuwa na mabega ya kiume: testosteroni ya mwanamke wa kawaida ni ndogo kuliko ya mwanamume kwa mara 15 au zaidi, na seti moja ya vyuma huibadilisha kidogo mno. Beba uzito wa maana bila wasiwasi.

## Hatua ya 5: Panga wiki 8

Siku 3 kwa wiki zinatosha, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kila siku fanya skwati, kusukuma benchini, na kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama. Kunyanyua chuma kutoka chini fanya siku moja tu kwa wiki, kwa kuwa kunachosha mgongo kuliko unavyohisi siku hiyohiyo.

1. Wiki ya 1 hadi 3: asilimia 65 hadi 70, seti 3 za marudio 8 hadi 10, pumziko dakika 2.
2. Wiki ya 4: uzito uleule, nusu ya seti. Hii si wiki ya uvivu. Ndiyo wiki ambayo mwili unalipa madeni ya uchovu.
3. Wiki ya 5 hadi 7: asilimia 75 hadi 80, seti 4 za marudio 5 au 6, pumziko dakika 2 hadi 3.
4. Wiki ya 8: nusu ya seti tena, kisha siku ya mwisho rudia hatua ya 3.

Mwinuko una hesabu yake. Mbeya mjini ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Mzaliwa wa huku hahisi tofauti. Anayepanda kutoka Kyela au Dar es Salaam atahema zaidi kati ya seti, na mapigo ya moyo yatabaki juu siku za mwanzo. Kwa wiki 2 aongeze dakika moja kwenye kila pumziko na asiguse chochote zaidi ya asilimia 75.

Kazi ya mwili nayo ni mazoezi. Mtu anayepakia lumbesa za viazi sokoni kutwa nzima, au aliyeshika jembe toka alfajiri msimu wa kulima, miguu na mgongo vimeshafanya seti zake. Siku hiyo fanya kusukuma tu, au pumzika. Wengi wanaokuja wakisema "homoni zangu zimekufa" wana ajira mbili za kubeba mizigo na moja tu ndiyo wanayoihesabu.

Umefanikiwa ukiona: namba za wiki ya 8 zimepita za mwanzo. Kwa anayeanza, kilo 5 hadi 10 kwenye skwati ni matokeo mazuri.

## Hatua ya 6: Bakiza marudio 2 ya akiba

Maliza kila seti ukijua ungeweza kufanya marudio 2 zaidi, yakiwa safi. Kushindwa kabisa kuache kwa seti ya mwisho ya zoezi dogo kama la mkono, mara moja kwa wiki.

Rudio lile la mwisho la kulazimisha huongeza uchovu mwingi kwa faida ndogo, na uchovu huo ndio unaokunyima ubora wa seti za siku mbili zijazo. Utajuaje umebakiza mawili? Tazama kasi. Chuma kikianza kupanda polepole ingawa unasukuma kwa nguvu zote, umebakiwa na moja au mawili. Mwenzako akurekodi kwa simu, kwa kuwa hisia za anayeanza hudanganya.

Tahadhari: baada ya siku ya kujikamua kupita kiasi, mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kahawia na misuli imevimba kwa maumivu makali, nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli imeharibika na mabaki yake yanaziba figo.

## Hatua ya 7: Lisha homoni

Lenga protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wako. Mwenye kilo 70 anahitaji takribani gramu 112 kwa siku, na huku kwetu hazina gharama ya kutisha: mayai 3 yana gramu 18, maziwa nusu lita 16, vikombe 2 vya maharage yaliyopikwa 30, dagaa wakavu gramu 50 wanatoa 25 au zaidi, na ugali wa unga gramu 300 unaongeza kama 24.

Usikate wanga wala mafuta. Mtu anayekula kidogo huku anabeba vyuma, mwili unaamua kubana matumizi: testosteroni inashuka, homoni za tezi ya shingo zinashuka, na kwa mwanamke hedhi inaweza kusimama. Hedhi ikikosekana miezi 3 mfululizo na si ujauzito, muone daktari na uongeze chakula. Viazi mviringo, wali wa Kyela, ndizi za Tukuyu na parachichi, vyote vipo.

Usingizi unazidi kila kitu katika orodha hii. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 uliwalaza vijana 10 wa kiume saa 5 tu kwa usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hakuna seti ya skwati inayofidia hapo. Lala saa 7 hadi 9, na kwa baridi ya huku blanketi la pili ni sehemu ya mazoezi.

Pombe nayo. Ulanzi wa msimu wa mvua Iringa au kimpumu cha Mbeya, ukinywa hadi kulewa, hushusha testosteroni kwa saa nyingi na kuchelewesha ujenzi wa misuli. Usiku wa siku ya vyuma uuache kabisa.

## Hatua ya 8: Soma mwili kila asubuhi

Kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 60 na uandike. Baada ya wiki 2 utajua kawaida yako. Andika pia usingizi kwa neno moja, hamu ya chakula, na hamu ya tendo la ndoa. Mara moja kwa wiki pima kiuno na uzito wa mwili.

Mapigo yakizidi kawaida kwa 7 au zaidi asubuhi 3 mfululizo, na usingizi ni mbovu, punguza seti kwa nusu wiki hiyo. Kwanza jiulize kuhusu homa. Malaria huanza na dalili zinazofanana, hasa kwa aliyetoka Kyela au Usangu karibuni, na kipimo chake ni cha dakika chache.

Umefanikiwa ukiona: mapigo ya asubuhi yametulia au yanashuka taratibu, na hamu zote mbili zipo.

## Hatua ya 9: Damu na vidonge

Kama umefuata yote kwa miezi 3 na hamu imeshuka, nguvu hazipo, ndipo upime testosteroni. Sampuli itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi kabla hujala, kwa kuwa homoni hii huwa juu asubuhi na kushuka jioni. Usipige vyuma siku 2 kabla. Usipime ukiwa mgonjwa. Kipimo kimoja kikiwa cha chini, rudia asubuhi nyingine kabla ya kuamini. Uliza maabara kama wanapima wenyewe au wanatuma sampuli kwingine, na usome kizio: nanomoli 10 kwa lita ni sawa na nanogramu 288 kwa desilita.

Ukipima ini wiki ya mazoezi makali, vimeng'enya vinaweza kuonekana vimepanda kwa sababu ya misuli tu. Mwambie daktari kwamba unapiga vyuma.

Testosteroni ya sindano bila daktari inaufanya ubongo uache kuziamrisha korodani. Zinasinyaa, mbegu za kiume zinapungua au kuisha, na kurudi kwake huchukua miezi.

Vidonge vya kujaza mwili vinavyouzwa vimefungwa kwenye karatasi mara nyingi ni siproheptadini (dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula) na deksamethazoni. Deksamethazoni hufanya kazi kama kortisoli, kwa nguvu nyingi zaidi. Uso unakuwa wa duara na tumbo linatoka, huku misuli ya mapaja na mabega ikinyauka. Unaongezeka kilo na unapoteza kile ulichokifanyia kazi. Ukiwa umevimeza kwa wiki kadhaa, usiviache kwa siku moja, kwa sababu tezi zako zimeacha kutengeneza kortisoli yake yenyewe na presha inaweza kuanguka. Vipeleke hospitali na karatasi yake, useme umemeza vingapi kwa siku na tangu lini, daktari akupangie namna ya kupunguza.